Mwongozo kamili wa kuzunguka visiwa vya mawe vya Ziwa Victoria kwa boti ukitoka Nairobi

Watu wengi Nairobi wakisikia boti wanafikiria Mombasa, ama ile raundi ya Naivasha ya kuangalia viboko alafu mnarudi kula samaki. Wachache sana wanafikiria Mbita, na pale ndio kuna visiwa vya ukweli, Rusinga, Takawiri, Mfangano, na vingine vidogo ambavyo ni mawe tu yametoka majini na ndege wamejaa juu. Nimekuwa nikiulizwa sana venye hii safari inapangwa na maswali karibu yote ni ya kilomita na pesa, ni mbali aje, ni ngapi kwa siku. Ni maswali sawa lakini sio ya kwanza. Kwa hili ziwa swali la kwanza ni saa ngapi. Ukipanga saa zako vizuri hata boti ya kawaida na injini ndogo itakuzungusha mkiwa mnapiga stori, ukizipanga vibaya hata boti ya maana itakutesa.

Nazungumzia upande wa Kenya peke yake, kaunti ya Homa Bay. Ziwa lote lina karibu kilomita mraba 68,800 na sisi tuna kama asilimia 6, zingine ni za Uganda na Tanzania, lakini usidanganyike na hiyo asilimia, ukiwa katikati ya Mbita na Mfangano na injini imezima utaona ni maji ya kutosha.

Elewa maji kabla hujafikiria boti

Hayo mawe yote ni ya volkano. Kitambo sana hapo kulikuwa na volkano kubwa inaitwa Kisingiri, ikazima, ikaliwa na mvua mamilioni ya miaka, na Rusinga, Mfangano na milima ya Gwasi ni masalio yake. Hii si stori ya darasani, inakusaidia kuendesha, juu ukiona mgongo wa mlima unashuka hadi ziwani na kuishia kama ncha, ujue haujaishia hapo. Unaendelea chini ya maji. Zile ncha ndizo zinavunja propela, na watu hupenda kuzikata karibu ndio wafupishe njia. Zungukia kwa mbali, hata kama unaona unapoteza mafuta.

Alafu kuna kitu kinachanganya wale wamezoea Pwani. Mombasa maji yakitoka mawe yanaonekana, unayajua, ukirudi maji yakijaa unakumbuka yako wapi. Ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Jiwe liko nusu mita chini asubuhi, litakuwa nusu mita chini jioni na kesho na mwezi ujao, halitajionyesha hata siku moja. Kenye hubadilika ni kiwango cha ziwa lenyewe kwa miaka. Mwaka wa 2006 ziwa lilishuka sana, 2020 likapanda vibaya hadi bichi nyingi zikamezwa, na tofauti ya hizo nyakati mbili ni zaidi ya mita mbili. Kwa hivyo kuna mawe ambayo wazee walikuwa wanakaa juu kuvua na ndoano na leo boti inapita juu yake, au inafikiri inapita. Pia kuna vitu vya watu chini ya maji karibu na ufuo, kuta, nguzo za fensi, visiki vya miti, gati za zamani. Ukikaribia bichi yoyote usiingie na mwendo.

Rangi ya maji nayo. Ukisoma miongozo ya nchi zingine utaambiwa uangalie rangi, bluu ni kina, kahawia ni jiwe. Ndani ya Ghuba ya Winam, ule mkono wa ziwa unaoingia hadi Kisumu, sahau hiyo, maji ni ya matope na saa zingine yana ukijani wa mwani, huoni hata mkono wako ukiuzamisha hadi kwa kiwiko. Ukitoka nje ya Rusinga kuelekea Takawiri na Mfangano yanakuwa masafi kidogo, hapo miwani ya jua ile ya polaraizdi inaanza kufanya kazi.

Upepo una ratiba yake, fuata

Hii ndio sehemu ya kusoma mara mbili.

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, hewa ya juu ya nchi inapanda, na ile ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Usiku inageuka, nchi inapoa haraka, upepo unatoka nchi kavu unaenda ziwani. Kwa upande wetu wa mashariki hiyo inamaanisha asubuhi una upepo mwepesi kutoka nyuma yako ukiangalia ziwa, alafu panatulia, alafu kuanzia kama saa sita saba mchana upepo wa magharibi unaanza kuingia na unaongezeka. Alasiri na jioni ndio mawingu hupandia kwa nchi kavu na mvua ya radi inashuka. Na radi ya huko si mchezo.

Kwa hivyo kazi ya boti ni ya asubuhi. Toka saa kumi na mbili na nusu ama saa moja, na ikifika saa tano uwe umefika kenye unaenda, boti imefungwa, mnatafuta ngege wa kukaanga. Ukisikia mtu amekupangia kuondoka Mbita saa nane mchana juu mtaamka mmechoka na safari ya Nairobi, mwambie mlale na mtaondoka kesho.

Mawimbi yenyewe hayafanani na ya bahari. Ziwa Victoria halina kina kirefu, wastani ni kama mita 40 na pale panapozidi ni kama 80, na ndani ya ghuba ni kina kifupi zaidi. Upepo ukipiga maji ya kina kifupi unapata mawimbi mafupi, yamesimama, yanafuatana bila nafasi, boti haipati muda wa kupanda na kushuka, inagongwa tu. Wimbi la mita moja huku linasumbua boti ndogo kuliko lile refu la bahari la urefu huo huo.

Kuna mtego mmoja wa alasiri. Kurudi Mbita kutoka Mfangano unaelekea mashariki, upepo wa mchana unatoka magharibi, kwa hivyo unakusukuma, na watu wanaona ni poa sana mafuta yanabaki. Lakini mawimbi yakitoka nyuma yanaingilia pale injini imefungwa, na boti nyingi huko nyuma ndio pako chini zaidi, hasa zikiwa zimebeba watu na mizigo yote imerundikwa nyuma. Boti ikisukumwa na wimbi inaweza pia kugeuka upande ghafla na linalofuata likaingia kwa ubavu. Lala kisiwani, urudi asubuhi dhidi ya upepo mwepesi, ni afadhali mara mia.

Miezi: Machi hadi Mei ni mvua kubwa, Oktoba hadi Desemba ni ile fupi, hapo ratiba ya upepo inavurugika. Mimi ningechagua Januari na Februari kwa mtu wa mara ya kwanza. Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa ziwa, uangalie jioni kabla ya kutoka, alafu asubuhi uangalie anga mwenyewe, alafu uangalie wavuvi. Kama bichi nzima boti ziko nchi kavu na ni saa moja asubuhi na hakuna mtu anasukuma, usijifanye wewe ndio mjanja.

Vitu vya kumaliza ukiwa bado Nairobi

Jua kuogelea, ama angalau jua kukaa ndani ya maji na laifu jaketi bila kupanik. Swimming pool ziko kila estate, lipa wiki mbili za masomo. Watu wa kitambo walikuwa wanafanya mazoezi ya mashua Nairobi Dam hapo Lang'ata, ile ilijengwa 1953 na kulikuwa na mashua za tanga kabisa, sa hii ni gugu maji na taka, kwa hivyo hiyo nafasi tulishaipoteza. Ukitaka kujaribu kwanza mahali karibu, Baringo ni maji matamu na pia ina visiwa vya mawe kama Ol Kokwe, ni karibu na Nairobi kuliko Mbita, chukua boti na mwenyeji siku moja uone kama mgongo wako na tumbo lako zinaweza.

Laifu jaketi nunua yako ukiweza. Si ati huko hakuna, ziko, lakini nyingi zimekaa juani miaka, povu limekauka na vifungo vimeenda. Ya mtoto lazima iwe ya mtoto, ile ya mtu mzima inampanda kichwani na kumziba mdomo. Funga filimbi kwa kila moja.

Alafu kaa na kompyuta, sio simu, ufungue Google Earth na uangalie picha za zamani za hizo sehemu unaenda kupita. Tafuta za miaka ziwa lilikuwa chini kabla ya 2020, ulinganishe na za sasa. Utaona visiwa vidogo na mikia ya mawe ambayo kwa picha ya leo ni maji matupu. Weka alama kwa kila moja, peleka hizo alama kwa simu, na upakue ramani zikae bila intaneti. Hii kazi ya jioni moja inaeza kukupa habari ya mawe ambayo hakuna ramani ya kununua itakupa.

Mengine ni ya kawaida: begi la kuzuia maji, pawabenki, tochi ya kichwani, kofia yenye kamba, sanskrini juu jua la ikweta likipigwa na maji linakurudia kutoka chini, maji ya kunywa, koti la mvua, visu viwili, kamba mita 50, dawa za kwanza, neti ya mbu na dawa ya malaria kama daktari atakavyokushauri juu Homa Bay malaria iko kweli. Kitambulisho pia, utakuwa karibu na mpaka.

Njia ni mbili tatu. Wengi wanapitia Narok, Bomet, Kisii, Rongo, Homa Bay alafu Mbita, ni zaidi ya kilomita 400 kwa hivyo ni siku nzima ukihesabu chai na vituo. Ama unaenda Kisumu, unashuka Bondo hadi Luanda Kotieno na kuvuka kwa feri hadi Mbita. Hii ya pili ni ndefu lakini ile feri inakuonyesha ghuba ikiwa juu ya chuma kikubwa, unaona mawimbi ya mchana ukiwa salama, ni darasa la bure.

Kuchagua boti na nahodha

Kama hujawahi endesha boti kwa hili ziwa, kodi boti na mtu wake. Kisheria pia ni rahisi, juu vyombo vidogo vinakaguliwa na kusajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini na mwendeshaji anatakiwa awe na cheti, huwezi tu kukuja na pesa upewe ufunguo. Hata ukiwa na boti yako mwenyewe kwa trela, siku ya kwanza chukua mvuvi wa pale akae mbele.

Pa kuanzia ni ofisi ya BMU, hiyo kamati ya bichi, kila bichi ina yake. Wanajua nani ana boti nzuri na nani anakunywa. Wape majina ya wote mnaoingia majini, mnaenda wapi, mnarudi lini.

Ukionyeshwa boti usiangalie rangi. Ingia ndani, ondoa zile mbao za kukanyagia uangalie maji yaliyo chini. Maji kidogo kwa boti ya mbao ni kawaida, lakini uliza yamekaa tangu lini, na uangalie kopo la kuchotea, lile linakatwa kutoka jerikeni, kama limekaa karibu sana na mkono na limechakaa ujue linafanya kazi ya kila siku. Pita na kidole kwa mistari ya kati ya mbao, pamba na lami ziwe zimejaa, kusiwe na mahali kidole kinazama. Ya faiba, angalia nyufa pale injini imekaa.

Kwa injini angalia vitu vinne. Iwashwe ikiwa baridi mbele yako, mvuto wa tatu ama wa nne iwe imeshika. Maji ya kupoza yatoke kwa nguvu kama mkojo wa ng'ombe, yakitoka kwa matone tu kuna takataka imeziba. Ile kamba nyekundu ya kuzima injini iwepo na ifanye kazi, mara nyingi utapata imetupwa na swichi imefungwa na raba ya tyubu, mwambie aitafute, nahodha akianguka majini hiyo kamba ndio inazima injini badala ya boti kuwazunguka. Na ya mwisho, injini iweze kuinuka yenyewe ikigonga kitu. Wengine huifunga na kamba isiruke, kwa maji ya mawe hiyo ni kuomba shida, ikigonga jiwe badala ya kupanda itang'oa ubao wa nyuma.

Mafuta hesabu hivi: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiguse. Injini ya tustroki ya nguvu 15 ikifunguliwa yote inakunywa kama lita 6 hadi 7 kwa saa, ya 40 inaeza kumeza 15 hadi 20. Visiwani petroli ipo lakini ni ya jerikeni na bei ni ya kisiwani, na ile oili ya kuchanganya beba yenu. Chujio la kitambaa pia, petroli chafu imezimisha watu wengi kuliko mawe.

Sasa, kuongea na nahodha. Ukimuuliza mwenyeji "ni salama?" atakuambia hakuna shida, huo ni upole, hataki kukukatisha tamaa na pia anataka kazi. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa na ndio ama hapana. "Mzee, wewe kama ungekuwa unapeleka watoto wako Takawiri kesho, ungetoka saa ngapi na ungepitia wapi?" Hapo utaona anageuka anaangalia ziwa, anaanza kukuonyesha na mkono, hii ncha usiikate, hapo kuna nyavu, pale kuna vizimba vya samaki. Andika yote. Na mkikubaliana bei, mkubaliane pia kwamba yeye ndio anaamua kama mnatoka ama hamtoki, na kwamba mkikaa nchi kavu kwa sababu ya upepo bado analipwa siku yake. Ukimwambia hutalipa kama hamjatoka, umemlazimisha kutoka.

Njia yenyewe, siku tatu majini

Lala Mbita usiku wa kuingia. Siku ya kwanza toka asubuhi ufuate upande wa kusini wa Rusinga. Rusinga yenyewe imeunganishwa na nchi kavu, kuna tuta lililojengwa miaka ya 1980 na baadaye likawekwa daraja maji yaweze kupita, kwa hivyo ya nchi kavu unaeza kuyafanya kwa bodaboda jioni: kaburi la Tom Mboya, na sehemu za visukuku ambapo Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, mnyama wa jamii ya nyani wa miaka kama milioni 18 iliyopita. Kwa boti kaa mbali na ncha, pita vizimba vya samaki kwa nafasi, vingi havina taa na kamba zake za nanga zimetanuka nje kuliko unavyofikiria. Takawiri iko njiani, ina mchanga mweupe ambao watu hawaamini ni wa ziwa, fika kabla ya saa tano, piga tenti.

Siku ya pili Mfangano. Upande unaoangalia ziwa wazi, ule wa magharibi, uufanye mapema sana au usiufanye, hakuna kitu kimezuia upepo kutoka Uganda hadi pale. Sena ndio kituo kikubwa. Acha boti, panda bodaboda uende Mawanga kuona michoro ya mawe, miduara miekundu na myeupe ambayo inasemekana ilichorwa na Watwa walioishi huko kabla ya wengine, na uone jumba la makumbusho la amani la Waabasuba. Usiguse michoro. Ukitaka kupanda juu ya mlima toka alfajiri na mwenyeji.

Siku ya tatu rudi Mbita asubuhi. Watu huuliza Migingo, si kile kidogo kimejaa mabati kiko kwa picha? Kiko mbali, kiko kwa maji wazi, na tangu 2008 na 2009 Kenya na Uganda wamekuwa wakivutania. Si mahali pa matembezi ya wikendi. Simu yako ikianza kukukaribisha nchi nyingine, geuza.

Kupita katikati ya mawe

Mtu mmoja akae mbele kabisa, kazi yake ni moja, kuangalia maji, simu iwe mfukoni. Mkubaliane ishara za mkono kabla ya kuondoka, kwa kelele ya injini hamsikizani: mkono kulia, mkono kushoto, ngumi juu ni simama. Wengine wote wakae chini katikati.

Mwendo uwe wa kutembea. Kuna watu husema boti ikienda kasi inainuka juu ya maji kwa hivyo haigusi, ni kweli inainuka, lakini propela bado iko chini na sasa imegonga kwa kasi.

Jua liwe nyuma yako ama juu ya kichwa. Ukielekea jua la chini maji yote yanakuwa kioo na huoni kitu, ndio maana kuelekea mashariki mapema kabisa unapunguza mwendo zaidi au unangoja jua lipande kidogo kabla ya kuingia sehemu ya mawe.

Ishara ninazoziamini kuliko vifaa ni hizi. Ndege mweusi, mnandi, amesimama na miguu yake ni kama iko juu ya maji, hajasimama juu ya maji, hapo kuna jiwe. Mawimbi madogo yanavunjika mahali pamoja tu huku pengine pote ni laini. Maji yanayozunguka polepole ama kipande kilicho laini kama mafuta katikati ya maji yanayochezacheza. Na chupa za plastiki zimejipanga mstari, hiyo ni nyavu, zina mwisho huku na huku, zunguka nje ya chupa ya mwisho, usipite katikati hata kama kuna pengo. Boti inayotega nyavu ina haki kuliko wewe, pita kwa mbali, punguza, salimia.

Usipojua kina, chukua mti mrefu wa mita tatu, uwekewe alama za rangi, mtu wa mbele anachoma chini. Ni ya kizamani lakini haina betri. Na washa GPS ya simu irekodi njia mnapoingia polepole, mkitoka mtafuata mstari ule ule, hiyo njia ni mali yako hata mwaka ujao, ila uangalie tena kama ziwa limeshuka.

Gugu maji likiwakuta njiani, hasa ndani ya ghuba, usilipasue. Linazungukwa. Linaziba maji ya kupoza, linafunga propela, na huwezi jua limebeba nini chini. Likishakushika zima injini, iinue, safisha na mkono na kisu, alafu toka na kasia. Viboko kaa nao mbali, hasa karibu na mafunjo na jioni wakianza kutoka kula.

Kufunga boti jioni

Kosa rahisi hapa linatokana na ule upepo unaogeuka. Jioni unatafuta upande wa kisiwa uliotulia, upepo unatoka magharibi kwa hivyo unaegesha mashariki, pazuri kabisa. Usiku upepo unageuka unatoka nchi kavu, na ule upande wako uliotulia ndio sasa unapigwa, na boti inasukumwa kwa mawe wewe ukiwa kwa tenti. Tafuta kona iliyofunikwa pande zote mbili, kama haipo vuta boti hadi juu mchangani, watu sita na magogo ya duara inaenda.

Nanga kwa mawe hukwama. Funga kamba ya pili nyembamba kwenye kichwa cha chini cha nanga, upande mwingine ufunge chupa ya lita tano ielee, ikikataa kutoka unavuta hiyo kamba nanga inageuka inatoka. Kamba ya nanga yenyewe iwe mara tano hadi saba ya kina.

Giza likiingia hakuna kusafiri. Jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na nusu saa baadaye huoni mkono. Zile taa nyingi unaona usiku kama mji uko ziwani ni wavuvi wa omena, wanajua mahali pao, wewe hujui.

Mkigonga

Injini kwa nyutro, alafu zima. Hesabu watu. Usirudi nyuma haraka, saa zingine hilo jiwe ndio limeziba tundu. Toa mbao za chini uangalie. Kama hakuna maji yanaingia, sogeza watu upande ulio huru, sukuma na mti, toka polepole. Kama yanaingia, shati ama taulo ndani ya tundu, mtu akanyage juu, wengine wachote, mwende ufuo wa karibu wowote, sio ule mlikuwa mnaenda.

Boti ikipinduka kaeni nayo. Ya mbao huelea hata ikiwa imejaa, na mtu kichwa peke yake majini haonekani kabisa. Ufuo unaonekana karibu kuliko ulivyo, kuna waliojaribu kuogelea hadi huko wakaishia njiani na boti ikapatikana inaelea. Filimbi, nguo yenye rangi juu, na kwa sababu uliacha majina BMU kuna mtu anajua mngefika saa ngapi. Namba ya BMU iwe kwa simu mbili tofauti, na ya askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Pwani walio karibu, uombe hapo hapo bichi.

Ukisharudi Nairobi

Kichocho kipo visiwani na Mbita, hii si ya kutisha watu, ni ya kweli. Konokono wanaobeba vijidudu wanakaa maji ya ufuoni yaliyotulia yenye majani, na vinapita kwa ngozi bila wewe kusikia. Kuruka majini kutoka kwa boti kwenye kina kirefu ni afadhali kuliko kutembea ukisukuma boti kwa majani, na ukitoka ujipanguse na taulo haraka. Lakini kama mmesukuma boti siku tatu hebu chukulia mmegusa. Dawa ni prazikwanteli, na haiui vizuri wale wachanga, kwa hivyo ukimeza kesho yake inaeza kuwa kazi bure. Weka kikumbusho kwa simu wiki sita hadi nane baada ya safari, uende hospitali uwaambie ulikuwa Ziwa Victoria, upimwe, na wote mliokuwa kwa boti mwende, hata yule anasema yeye alilowa miguu tu. Homa ikija kabla ya hapo usingoje hizo wiki, nenda upimwe malaria siku hiyo hiyo.